Hedhi, Ayurveda na Pakiti za Mtandaoni: Shangazi Anajibu

Wiki hii wengi mmeniuliza kuhusu Ayurveda, tiba ya kale ya Wahindi, na mambo ya mwezini. Nimechagua maswali manne.

Shangazi, shikamoo. Chango linanitesa kila mwezi. Tabibu mmoja kaniambia "vata" yangu imevurugika. Ndiyo nini hiyo? (Tanga)

Marahaba, mwanangu. Kwa Ayurveda mwili unaendeshwa na nguvu tatu: vata ya upepo, pita ya moto, na kafa ya maji na udongo. Damu ya hedhi inashushwa na tawi la vata liitwalo apana. Likizibwa njia, tumbo linasokota. Hakuna maabara inayopima vata, kwa hiyo ichukue kama namna wazee wale walivyoyaeleza maumivu. Lakini macho walikuwa nayo. Charaka Samhita, kitabu chao cha kale, kinasema hedhi njema huja kila mwezi, hudumu siku 5, haiumi wala haichomi, si nyingi si haba. Daktari wa leo angeongeza tu kwamba siku zinatofautiana na maumivu kidogo ni ya kawaida.

Vata hutulizwa kwa joto, na hapo walipatia. Chupa ya maji ya moto, izungushie khanga, iweke chini ya kitovu. Halafu tangawizi: majaribio kadhaa madogo yalitumia unga wake miligramu 750 hadi 2000 kwa siku, siku 3 au 4 za mwanzo, na maumivu yakapungua. Ni kama nusu kijiko cha chai hadi kijiko kimoja kwa siku nzima. Anza mara uonapo damu, usingoje mpaka ukunje magoti. Kama unatumia dawa za kuzuia damu kuganda, muulize daktari kwanza. Na chango likikulaza kitandani kila mwezi, kapimwe. Huenda ni endometriosisi, yaani nyama kama ile ya ndani ya kizazi kuota nje yake, inayompata karibu mwanamke 1 kati ya 10 wa umri wa kuzaa, na hiyo haiponi kwa tangawizi.

Nimeolewa kwa Wahindi hapa Mombasa. Mavyaa anataka nisioge siku 3 za mwanzo. Ni kweli kuoga kunadhuru?

Hakudhuru. Oga, na maji ya vuguvugu yatakulegeza misuli. Ila mavyaa hakuyatunga. Sushruta Samhita, kitabu kingine cha kale, kinamkataza mwanamke aliye mwezini kuoga, kupaka wanja, kukata kucha, kulala mchana, kukimbia, hata kulia na kucheka. Eti akicheka, mtoto atakayemzaa atakuwa na meno meusi! Miiko hiyo ina jambo moja ninalolipenda: ilimpumzisha mwanamke. Mwambie mavyaa kwa upole kwamba kupumzika umekubali, na kama anataka kukupikia wali laini wenye samli, usimkatalie.

Nimeuziwa mtandaoni pakiti ya unga wa "kusafisha kizazi", wanasema ni ya Ayurveda. Niinywe?

Usiinywe. Kizazi hakina taka za kusafishwa. Kinachotakiwa kutoka hutoka chenyewe kwa hedhi. Zipo dawa za Ayurveda ambazo kwa makusudi huchanganywa na madini yaliyochomwa, zebaki ikiwamo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2004 ulipima dawa 70 za Ayurveda zilizonunuliwa madukani Boston, Marekani: 14 zilikuwa na madini ya sumu: risasi, zebaki au aseniki. Hayo ni maduka ya wazi, sembuse pakiti isiyo na jina la kiwanda wala namba ya usajili. Risasi inamdhuru hata mtoto aliye tumboni. Kama umeshaanza kuinywa, nenda nayo hospitali waione. Na vile vidonge vya "kuvuta uchafu" vya kuweka ukeni, jibu ni lilelile.

Hedhi imekata miezi miwili. Shatavari, ule mzizi wa dawa za Ayurveda, itairudisha? (Dodoma)

Kwanza kapime mimba, dada yangu, kabla hujatia mzizi wowote mdomoni. Kama haipo na mwezi wa tatu umepita, daktari ataangalia tezi ya shingo na homoni, na pengine ovari zenye vifuko vidogovidogo. Shirika la Afya Duniani linasema tatizo hilo linawapata wanawake 10 hadi 13 katika kila 100 walio katika umri wa kuzaa. Kila chanzo kina dawa yake. Shatavari wanaisifu sana India, lakini ushahidi kwa binadamu bado ni mwembamba. Ukienda, chukua kalenda yenye tarehe za hedhi zako za karibuni. Ndiyo atakayokuuliza kwanza.