Tenda Kwanza, Ndipo Utajua

Swali limekuja tena wiki hii, safari hii kutoka kwa dada mmoja. Amesoma Biblia kuanzia Mwanzo hadi Ufunuo mara mbili, ibada hakosi, na bado hawezi kusema kwa uhakika lipi ni kweli na lipi ni maneno ya wahubiri tu. Afanyeje? Aongeze vitabu?

Hapana. Shida haiko kwenye wingi wa kusoma, iko kwenye mpangilio. Katika Yohana 7:17 Yesu anasema mtu akipenda kuyatenda mapenzi ya Mungu, huyo atajua kama mafunzo yale yatoka kwa Mungu. Kutenda kumetangulia. Sisi tumegeuza: twataka kwanza tuhakikishiwe, halafu ndipo tutii. Tutangoja sana.

Biblia yenyewe hutumia neno kujua hivyo. "Adamu akamjua Hawa mkewe, naye akapata mimba," yasema Mwanzo 4:1, na hakuna anayedhani Adamu alikuwa akikusanya taarifa. Hata neno la Kiebrania emeth, linalotafsiriwa kweli, limebeba pia maana ya uaminifu: kitu unachokiegemea kisikuangushe. Uimara wake huujui mpaka uegemee.

Sasa kazi yenyewe. Chukua Injili ya Yohana, yenye sura 21. Usikimbilie sura nzima kwa siku; aya kama kumi hadi kumi na tano na dakika 20 zatosha. Soma mara tatu. Ya kwanza kwa sauti, bila kusimama. Ya pili ukiwa na kalamu: nani anasema, anamwambia nani, nini kimetangulia, nini kinafuata. Ya tatu ukitafuta amri, ahadi au onyo. Kisha geuza aya moja iwe sala kwa maneno yako mwenyewe, nyamaza dakika mbili tatu, halafu andika sentensi moja: jambo utakalolifanya kabla ya kesho saa kama hii.

Sentensi hiyo ndipo wengi huharibu. Tuseme umesoma Yohana 13:1-17, Yesu amejifunga kitambaa kiunoni anawatawadha wanafunzi miguu. Watu huandika: "Nitakuwa mnyenyekevu zaidi." Hilo halitendeki wala halipimiki. Andika: "Leo nitaosha vyombo ambavyo si zamu yangu, na sitamwambia mtu." Utashangaa nusu ya pili ilivyo ngumu kuliko ya kwanza. Ukishindwa, andika kilichokushinda, kwa jina lake halisi. Kiburi hupenda kuitwa uchovu. Aya ya 17 inasema: "Mkiyajua hayo, heri ninyi mkiyatenda." Heri haikuwekwa kwenye kujua, ndugu zangu, na tusiihamishe.

Siku ya saba usisome kipya. Pitia zile sentensi sita uone zipi ulizitenda.

Jambo la pili linaloharibu ni aya iliyokatwa. Yeremia 29:11, yale mawazo ya amani, imebandikwa kila ukuta. Aya ya 10 hakuna anayeibandika: inawaambia watu walio uhamishoni Babeli kwamba kwanza itimie miaka 70. Ahadi ni ya kweli, ila wengi wa walioisoma barua ile wangezeeka kulekule. Hata Shetani alipomjaribu Yesu katika Mathayo 4:6 alinukuu Zaburi 91, akayaacha maneno "katika njia zako zote". Kwa hiyo kabla hujaidai ahadi yoyote, soma aya 10 kabla yake na 10 baada yake.

Na wale wa "Bwana ameniambia"? Sibezi, Mungu husema. Lakini mtoto Samweli aliisikia sauti halisi ya Mungu na bado mara tatu alidhani ni Eli anayemwita. Aliyemfumbua ni Eli mwenyewe, mzee ambaye macho yalikwishaanza kupofuka. Ulichokisikia mpelekee mkristo mkomavu asiye na faida yoyote katika jibu, na umwache aseme hapana. Watu wa Beroya walimsikiliza Paulo kwa moyo mkunjufu, kisha wakayachunguza maandiko kila siku waone kama mambo ndivyo yalivyo (Matendo 17:11). Kama Paulo alipimwa, mhubiri wako ni nani asipimwe?

Zitakuja siku kavu, sala haipandi na aya hazisemi kitu. Kosa la siku hizo ni kujitafutia msisimko: mkesha juu ya mkesha, mhubiri mpya kila juma. Punguza badala ya kuongeza. Soma Zaburi 88 peke yake, kwa sauti, aya zake 18. Inaishia gizani, pasipo faraja wala jibu. Ila angalia aliye gizani anavyoanza kumwita Mungu katika aya ya kwanza: "Mungu wa wokovu wangu."