Kazi huanza siku ya arobaini na moja

Mwenzangu unayesubiri mtoto wa kwanza, watu watakwambia ujiandae kwa wiki ya kwanza. Mimi nakwambia jiandae kwa siku ya arobaini na moja.

Wetu alizaliwa hapa Tanga mwanzoni mwa Desemba. Siku ya pili mama mkwe akashuka kutoka Pangani na kikapu chake cha pilipili manga na mdalasini. Arobaini nzima mke wangu alikandwa, akapikiwa uji, na kila mtoto akimaliza kunyonya bibi yake alimpokea akamlaza begani. Mimi nililala chumba cha pili. Asubuhi napanda baiskeli hadi kwenye cherehani yangu Ngamiani, watu wananipa hongera, nami nazipokea kama nimefanya kitu. Arobaini ikatimia, mtoto akatolewa nje, mama akafunga kikapu akapanda basi. Usiku uleule ndipo nilipojua kwamba nyumbani kwangu kuna mtoto mchanga.

Na Januari kwa fundi cherehani ni mwezi wa sare za shule. Siku ya tano baada ya mama kuondoka nilishona mashati sita meupe, mikono ya kulia nikaipachika kushoto. Sikuona kitu mpaka mzazi mmoja alipomvisha mwanawe palepale na mtoto akasimama kama anataka kuruka. Tulicheka. Kesho yake sindano ikanipita kwenye ukucha wa kidole cha shahada, hapo hakuna aliyecheka. Mtu aliyekaa macho saa 17 hadi 19 mfululizo hukosea kama aliyekunywa pombe kidogo, na ubaya wake ni kwamba mwenyewe hujioni. Kama kazi yako ni bodaboda, au msumeno, au gari la abiria, lifikirie hilo kabla mtoto hajazaliwa.

Mtoto mwenyewe hana kosa. Mchanga hulala saa 14 hadi 17 kwa siku, kutuzidi sote, lakini kwa vipande vya saa mbili tatu. Tumbo lake ni dogo, atanyonya mara 8 hadi 12 mchana na usiku, na mwili wake hauanzi kutofautisha mchana na usiku mpaka mwezi wa pili au wa tatu hivi. Akiamka saa nane za usiku hajadeka wala hajachezewa na mtu. Jirani atakushauri umpe uji mwepesi ashibe alale. Msikilize kwa adabu, kisha usimpe. Miezi 6 ya mwanzo ni maziwa ya mama tu, hata maji hapana, hata kwa joto letu la kaskazi. Sisi tuliishia kufungua madirisha mchana, redio ikaongea na watoto wa uani wakapiga kelele zao. Usiku taa ndogo, nepi inabadilishwa kimyakimya, hakuna kumchekesha.

Lililotuokoa ni zamu. Nilikuwa na kisingizio kizuri sana: mimi sina maziwa. Mke wangu akaniuliza, tena bila hasira, kumbeulisha mtoto kunahitaji maziwa? Kumbadilisha je? Kumbembeleza? Tangu siku ile, saa tatu za usiku akishanyonyesha analala, na mtoto ni wangu mpaka saa nane. Akitaka kunyonya katikati nampeleka, mama ananyonyesha amelala ubavu huku mimi nimekaa macho pembeni, kisha namchukua tena. Saa nane nakabidhi, nalala mpaka adhana ya alfajiri. Kila mmoja anapata kipande kimoja kirefu. Saa tatu hadi tano zisizokatwakatwa sana si haba. Kulala nane ukashtuliwa kila mara nako huchosha. Mchana baada ya adhuhuri nafunga mlango nusu, najinyoosha juu ya meza ya kukatia vitambaa dakika ishirini. Wateja wamezoea.

Kahawa ya kijiweni mimi naipenda, lakini ikipita alasiri naiacha, maana hunikuta usiku zamu yangu imekwisha na macho hayafumbi. Mama anayenyonyesha naye aipunguze, inapita kwenye maziwa.

Sasa hili lisome mara mbili. Usiku mmoja nilikaa kwenye kochi na mtoto kifuani, nikasema napumzisha macho kidogo. Nilipozinduka hakuwa kifuani. Alikuwa ameteleza kati ya mkono wangu na mto wa kochi, uso umegeukia kitambaa. Alikuwa mzima, Alhamdulillah, anapumua vizuri kabisa, ila mimi nilitetemeka mpaka asubuhi na mke wangu nilimsimulia baada ya wiki. Ukihisi kichwa kinakuwa kizito, mlaze chali mahali pake pagumu, ndani ya chandarua, pasipo mito. Akilia, alie dakika mbili ukanawe uso. Kochini na mtoto usiku, usikae.

Kuna na maneno. Tulikubaliana kwamba yanayosemwa kati ya saa saba na alfajiri hayaletwi mezani asubuhi. Nimeambiwa mengi saa hizo, na nimesema mengi.

Wenye ajira, sheria ya kazi ya 2004 inampa mama siku 84 za likizo yenye malipo, 100 akijifungua zaidi ya mmoja, na akirudi kazini aruhusiwe hadi saa 2 kwa siku za kunyonyesha. Baba ana siku 3. Sisi wa cherehani hata hizo 3 tunajipa wenyewe.

Mtazame pia mwenzio. Kulia lia siku za mwanzo ni jambo la kawaida kwa mzazi. Lakini ikipita wiki mbili bado amezama kwenye huzuni, au mtoto amelala fofofo na yeye bado anakodolea dari, hiyo si uchovu tena. Mwambie muuguzi siku ya kliniki, au usiisubiri hiyo siku, nendeni. Akitaja kujidhuru au kumdhuru mtoto, usimwache peke yake, mpeleke hospitali saa hiyohiyo.

Wa pili tunamtarajia karibuni. Nimempigia mama mkwe Pangani, baada ya shikamoo nikamwomba safari hii asije mwanzo, aje siku ya thelathini. Akanyamaza kidogo. "Na mwanangu atakandwa na nani, baba?" Dada yangu wa Makorora amekubali mwezi wa kwanza, nikamwambia. Akasema atafikiria, lakini kikapu anakituma mapema.