Kabla ya Kununua Seva, Kubalianeni Gunia ni Kilo Ngapi

Wiki jana msomaji wa Morogoro aliniandikia: "Shikamoo dada. Mradi wetu una washirika Kenya, Uganda na Tanzania, watu wa kilimo pamoja na watu wa lishe. Tumepata fedha za kujenga mfumo wa pamoja wa data. Fomu ya ridhaa ya watakaohojiwa bado haijachapishwa. Tuanze na programu gani?"

Marahaba, mdogo wangu. Swali lako limenigusa mahali ambapo bado panauma kidogo, kwa hiyo nitakujibu kwa kirefu.

Mimi husimamia data za utafiti hapa Nairobi, mji uliojaa taasisi za kisayansi: ILRI ya utafiti wa mifugo kule Kabete, RCMRD ya mambo ya ramani pale Kasarani, iliyoanzishwa 1975, Makumbusho ya Taifa na nyingine nyingi. Nilipoajiriwa kwenye mradi unaofanana na wako, tovuti ya pamoja ilikuwa imeshanunuliwa kwa bei ya kutisha. Ilikuwa na ramani za rangi na kitufe cha kupakua. Nilipofungua faili za mahindi za nchi tatu, nikaona safu moja imeandikwa "magunia", basi. Huku kwetu gunia la mahindi ni kilo 90. Ng'ambo ya mpaka ni kilo 100. Mashamba nayo, wengine walipima kwa ekari, wengine kwa hekta, na hakuna aliyeandika alipima kwa kipi.

Nikalisema hilo kwenye mkutano, katika hoteli moja ya Westlands, mbele ya maprofesa na wafadhili. Mkubwa mmoja akanijibu kwamba hayo ni mambo ya makarani, yatashughulikiwa baadaye. Nikanyamaza, lakini sijasahau.

Niliendelea kuchimba. Mahali pa mashamba pengine palichukuliwa kwa simu, ambayo hutumia WGS 84, mfumo wa dunia nzima wa kuonyesha mahali, pengine palisomwa kwenye ramani za zamani zilizochorwa kwa Arc 1960, mfumo wa zamani wa huku kwetu. Ukichanganya hizo mbili bila kubadilisha, shamba linahama takriban mita 300, na mkulima wa kijiji hiki anajikuta kijiji jirani. Tarehe 05/03 kompyuta moja iliisoma Machi, nyingine Mei. Watu wa lishe walihesabu kaya kwa wanaokula chungu kimoja. Wa kilimo walihesabu kwa wanaolima shamba moja. Mwanamume mwenye wake wawili alikuwa kaya moja huku na kaya mbili kule. Hakuna seva duniani inayoweza kulitatua hilo. Linatatuliwa na watu kuketi na kukubaliana.

Tuliketi. Niliwapigia simu wakusanyaji wa data waliokwenda mashambani, kwa sababu wao ndio waliokumbuka kila kipimo kilipimwaje. Mwezi huu data za nchi zote tatu zimechambuliwa pamoja kwa mara ya kwanza na matokeo yamesimama. Nilifurahi mpaka machozi yakanitoka. Kwenye ukurasa wa shukrani jina langu halimo, wala ya wale wakusanyaji hayamo.

Kwa hiyo sikiliza. Kila andiko la mradi siku hizi linataja kanuni za FAIR za 2016: data ipatikane, ifikike, ipatane na nyingine, itumike tena. Hiyo ya tatu ndiyo inayorukwa, kwa sababu haipigiki picha. Usiiruke. Kabla hamjanunua chochote, andikeni kamusi ya data: kila safu, maana yake, kipimo chake, na namna ya kuonyesha jibu lililokosekana. Msibuni msamiati wenu. Kwa kilimo tumieni AGROVOC, orodha ya istilahi ya FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, ambayo ina hata Kiswahili. Mkikusanya habari za wanyama au mimea, Darwin Core, orodha ya majina ya safu yaliyokubaliwa kimataifa, ipo tayari, na ndiyo inayoiwezesha GBIF, hazina ya kimataifa ya data za viumbe, kuunganisha rekodi za dunia nzima. Tarehe ziandikwe kwa ISO 8601, kiwango cha kimataifa cha kuandika tarehe, mwaka mbele: 2021-03-05. Narudia, kamusi kwanza. Na anayeiandika apewe cheo, mshahara na jina kwenye makala, maana kazi yake ni utafiti kama utafiti mwingine.

Halafu sheria. Kenya na Uganda zilipitisha sheria za kulinda data binafsi 2019, Tanzania 2022, na data za lishe zinagusa afya za watu. Fomu ya ridhaa lazima imweleze mama anayehojiwa kwamba majibu yake, bila jina lake, yanaweza kutumiwa na watafiti wa nchi jirani na wa fani nyingine. Nimeona data nzuri sana ikifungiwa kabatini kwa kukosa sentensi hiyo moja, na kumrudia kila mama kijijini kuomba ridhaa upya hakuna mradi uliotenga fedha zake. Fomu yenu bado haijachapishwa, umesema. Iandikeni sentensi hiyo wiki hii, kamati ya maadili ya kila nchi iipitishe, ndipo mzungumzie programu.