Mkono Umenyooshwa Dirishani: Nitoe au Nisitoe?

Barua nyingi za mwezi huu zimeuliza kuhusu ombaomba na watu wanaolala nje. Tumechagua zile zinazogusa mambo ambayo wasomaji wengi huyakosea kwa nia njema.

Kila asubuhi nikishuka kituoni namkuta mzee yule yule ameketi juu ya boksi. Nikimpa mia tano, wenzangu ofisini wananicheka kwamba nampelekea muuza gongo. Namsaidia au namharibu?
*Msomaji, Magomeni, Dar es Salaam*

Mtu mzima mpe, kama unacho. Anayelala nje hulipia vitu ambavyo mwenye nyumba havioni kuwa gharama. Choo cha stendi ni shilingi 200 hadi 500 kila anapoingia, na hakuna mtu anayekwenda choo mara moja tu kwa siku. Kuoga ni pesa nyingine. Maji ya kunywa ni pesa. Kumwachia mtu mzigo wake mchana ili usiibwe ni pesa pia. Mia tano yako huenda ndiyo tofauti ya kujisaidia chooni na kujisaidia nyuma ya ukuta.

Wapo wanaokunywa, na wapo wanaotumia unga. Ukimwona kijana anapiga miayo mfululizo, makamasi yanamtiririka na ngozi imemsisimka kwenye jua kali, huyo yuko kwenye arosto, yaani mateso ya kukosa unga aliouzoea. Humwanza saa sita hadi kumi na mbili baada ya kete ya mwisho. Elfu moja yako haikumtia kwenye uteja wala haitamtoa. Kinachomtoa ni methadoni, inayotolewa bure Muhimbili tangu 2011, na baadaye Mwananyamala na Temeke. Dawa hiyo hunywewa kila siku mbele ya mtoa huduma, kwa hiyo wengi hukwamishwa na nauli ya kila siku. Kama mmeshazoeana naye, kumlipia nauli za mwezi wa kwanza kuna maana kubwa kuliko sarafu za mwaka mzima. Lakini nauli ya wiki nzima usimkabidhi mkononi, maana arosto ikimpata jioni itaondoka nayo. Mpe anayemsindikiza, au mpe ya siku kwa siku.

Sasa namna ya kutoa. Jiwekee kiasi cha wiki, tuseme 3,000, uzigeuze sarafu sita za mia tano, uziweke mfuko wa peke yake. Hutafungua pochi mbele za watu, na zikiisha utasema "leo sina, mzee wangu" ukiwa unasema kweli. Anza na shikamoo. Muulize jina lake, na kesho yake umwite kwa jina hilo. Wengi wao hupitisha siku nzima bila kusikia mtu akiwataja.

Kama unaendesha gari, usitolee kwenye mataa. Hatari ni ile taa inapogeuka kijani: mwombaji yuko katikati ya njia mbili, anageuka kupokea noti ya gari la tatu, na pikipiki inapita kati ya magari. Egesha pembeni, umwite.

Chakula ni kizuri, ila uliza kwanza. Mzee asiye na meno hindi la kuchoma atalifanyia nini? Mwenye kisukari ukimpa soda unamwongezea ugonjwa. Na kiporo cha jana kilichoshinda ndani ya gari kwa joto la Dar usimpe mtu yeyote. Kuharisha ukiwa huna choo wala maji ni mateso. Njia tunayoipenda sisi ni kupitia kwa mama ntilie wa karibu. Mlipie sahani tano za wali maharage, mkubaliane siku, na umwambie ni za mzee fulani. Mama ntilie ndiye wa kwanza kujua mzee ameacha kula, amepigwa, au hajaonekana siku mbili.

Stendi ya hapa kuna mtoto wa kama miaka minane, ananifuata hata saa nne usiku akiomba. Nami ni mama, moyo unaniuma. Nimchukue akalale nyumbani kwangu?
*Mama wa watoto watatu, Mwanza*

Mama, pesa usimpe, na nyumbani usimpeleke.

Pesa ya mtoto wa mtaani usiku ina wenyewe. Ama wakubwa wa kijiweni watamnyang'anya kwa kipigo, ama anaipeleka kwa mtu mzima aliyemtuma. Saa ambayo mtoto huyo anapata pesa nyingi ndiyo saa atakayorudishwa kesho. Kina mama wengi wenye huruma wakitoa saa nne usiku, mtoto hatalala kabla ya saa tano. Na kumpeleka kwako bila ustawi wa jamii kujua kunakuweka pabaya kisheria, na yeye kunamfundisha kumfuata yeyote anayemwita kwa upole. Si kila anayemwita ana moyo kama wako.

Fanya hivi. Chuchumaa ulingane naye, umtajie jina lako. Mnunulie chakula, akile hapo hapo mbele yako. Akiwa anakula muulize mambo matatu, taratibu, bila kumkazia macho: jana umelala wapi, nani anajua uko hapa, na shuleni ulifika darasa la ngapi. Majibu hayo yatakuonyesha kama ni mtoto anayeshinda mtaani na kulala kwao, mtoto anayetumwa, au aliyetoroka kabisa. Msaada wa kila mmoja ni tofauti.

Kisha piga 116, namba ya huduma kwa mtoto. Ni bure. Wanaopiga wengi hukosea kwa kusema tu "kuna mtoto stendi". Taja anakaa upande gani na karibu na nini, anaonekana wa umri gani, amevaa nini, yuko na nani, huwa hapo saa ngapi, na kama ana kidonda au anatetemeka. Ukiona anapigwa au kuna mtu mzima anayemvuta, nenda kituo cha polisi uulizie Dawati la Jinsia na Watoto. Mchana, afisa ustawi wa jamii yuko halmashauri. Sheria ya Mtoto ya 2009 inamtambua kila aliye chini ya miaka 18 kuwa mtoto na inaipa halmashauri wajibu wa kumlinda, kwa hiyo ukifika ofisini kwake hujaenda kuomba hisani.

Kosa moja tunaliona mara kwa mara: watu wanachanga nauli, wanampandisha mtoto basi, wanapiga picha, basi. Hakuna aliyeuliza kwa nini aliondoka. Kama aliondoka kwa kipigo cha baba wa kambo, anarudishwa kwenye kipigo kile kile, sasa na kosa la kutoroka juu yake. Kazi ya afisa ni kufika kwanza nyumbani, kuzungumza na wazazi, kutafuta shangazi au bibi ikibidi, na ikishindikana kumweka mtoto kwa familia ya kuaminika iliyokubaliwa na ustawi. Huchukua wiki, wakati mwingine miezi. Hapo ndipo fedha yako inapohitajika. Ada ya shule za serikali imeondolewa, lakini sare, viatu na madaftari bado ni vya mzazi. Sare ziwe mbili, moja ikifuliwa nyingine ivaliwe. Mtoto aliyerudi shuleni akiwa mchafu ndiye anayechekwa na kutoroka tena.

Jambo la gundi hukuliuliza, ila utakutana nalo. Ukiona chupa ndogo imefichwa kwenye mkono wa shati, karibu na pua, ni gundi ya viatu. Usimnyang'anye, usimkimbize, usimtishe kwa polisi. Mvuke wa kemikali zake, hasa toluini, huvuruga mapigo ya moyo, na mshtuko au mbio za ghafla zinaweza kuusimamisha moyo pale pale. Keti naye penye hewa. Akisinzia, mlaze ubavu ili akitapika asipaliwe, uisogeze chupa, na usimwache peke yake. Asipoamka ukimwita, ni hospitali. Maziwa hayaondoi chochote, ingawa kila mtu atakwambia umpe.

Kuna mama mwenye ulemavu wa miguu anayeomba karibu na soko. Nimempa mtaji wa elfu hamsini mara mbili afungue genge. Mara zote mbili pesa imepotea. Ni mvivu?
*Msomaji, Temeke*

Hapana. Muulize analala wapi na pesa anaiweka wapi. Tunaweza kukisia jibu: kwenye pindo la khanga, limefungwa fundo kiunoni. Kila anayelala baraza ile analijua fundo hilo, na usiku mtu asiyeweza kukimbia hana la kufanya.

Utasema aweke kwenye simu. Aweke vipi? Laini ya simu husajiliwa kwa alama ya kidole na namba ya NIDA, mamlaka ya vitambulisho vya taifa. NIDA wanahitaji atambulishwe na serikali ya mtaa. Mwenyekiti wa mtaa hawezi kumwandikia barua mtu asiyekaa kwenye mtaa wake. Kwa hiyo mtu asiye na chumba hana barua, asiye na barua hana namba, asiye na namba hana laini, na asiye na laini pesa yake yote iko kwenye khanga. Mtaji wako umeanza mwishoni mwa mstari.

Anzia chumba. Ugumu si kodi ya mwezi. Ni kwamba wenye nyumba wengi hudai miezi mitatu au sita kwa mkupuo. Zungumza na mama mwenye nyumba, ujitolee kuwa mdhamini, akubali mwezi kwa mwezi. Hakikisha hakuna ngazi, na mlango wa choo unapitisha kiti chake. Tumeona watu wakikodishiwa chumba kizuri ambacho choo chake hawawezi kuingia. Akishakaa na kujulikana kwa mjumbe, nendeni pamoja serikali ya mtaa. Tunasisitiza pamoja. Mtu aliyevaa kanga chakavu hufukuzwa mlangoni hata akiwa na haki yote, na wewe ukisimama kando yake sauti ya karani hubadilika. Kisha NIDA, kisha laini yake mwenyewe. Usimsajilie kwa kidole chako kwa kutaka kurahisisha: laini itakuwa yako, pesa yako, na kesi ikitokea nayo yako.

Mtaji wa kwanza usiwe wa nyanya. Mvua ya siku mbili na zimeoza zote. Anze na karanga, viberiti, sabuni za vipande, vitu ambavyo visipouzwa leo vinauzwa kesho. Mzigo wa elfu ishirini unatosha kuona kama eneo linauza. Akishazoea, nendeni kwa afisa maendeleo ya jamii wa halmashauri. Katika asilimia 10 ya mapato ya ndani inayotengwa kwa mikopo isiyo na riba, asilimia 2 ni ya watu wenye ulemavu, 4 ya wanawake na 4 ya vijana.

Kwa nini wasirudishwe kwao tu?
*Msomaji, Dodoma*

Imefanywa, Dar es Salaam zaidi ya mara moja. Ya 2016 wengi wanaikumbuka. Walirudi. Kilichowatoa kijijini, kama ni mvua ya msimu mmoja iliyogoma au shamba lililouzwa, kilikuwa bado kiko pale pale. Na Desemba 2020, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, ilitoa maoni kwamba sheria zinazomfanya mtu mhalifu kwa uzururaji tu zinakwenda kinyume na Mkataba wa Afrika. Umaskini si jinai.

Ijumaa dukani kwetu wanapita watu wengi, kila mmoja tunampa shilingi kumi. Si bora tukusanye tumpe mmoja?
*Mwenye duka, Mombasa*

Sadaka ya Ijumaa iacheni iendelee. Wazee wale huja pia kwa salamu. Mnachoweza kukusanya ni zaka, asilimia 2.5 ya mali iliyofikia nisabu, yaani kiwango cha chini cha kutolewa zaka, na kutimiza mwaka. Mafakiri na maskini ndio wa kwanza kutajwa miongoni mwa wanaostahiki, Sura At-Tawba aya ya 60. Maduka sita ya mtaa mmoja yakiweka pamoja, kodi ya nyumba ya mwaka ya familia moja inapatikana.

Naona aibu kuandika, lakini kuna mzee asiye na vidole na mimi humrushia pesa kwa mbali. Naogopa ukoma.
*Binti, Tanga*

Umefanya vizuri kuuliza. Ukoma hauambukizwi kwa kushika mkono wala sarafu. Mgonjwa akianza dawa huacha kuambukiza mapema sana. Dawa ni bure katika vituo vya serikali na humezwa miezi sita au kumi na miwili kulingana na aina. Wazee wengi wa namna hiyo walishapona zamani. Vidole havikuliwa na ugonjwa. Ugonjwa uliua hisi, kisha sufuria la moto, mwiba na panya wa usiku wakamaliza kazi bila yeye kusikia maumivu.

Kwa hiyo ukimpa chai, iwe kwenye kikombe chenye mkono mpana, na iwe imepoa. Ataunguza viganja bila kujua. Ukimnunulia viatu, ndala hazimfai kwa sababu hushikwa na vidole vya miguu. Tafuta kobazi zenye soli nene na kamba ya nyuma, zilizoshonwa, wala si za kugongwa misumari. Kabla hujampa, ingiza mkono ndani upapase soli yote.