Mnakwenda kujitolea shuleni nchi nyingine? Anzeni na darasa lenu

Wanafunzi wengi wanaokwenda kujitolea katika shule za nchi nyingine hurudi na picha tele na maelezo haba. Watakwambia darasa lilijaa na watoto walikuwa wachangamfu. Waulize mwalimu yule ana vipindi vingapi kwa wiki, au ni mtihani gani unaoamua nani aendelee na masomo, na wataanza kutazamana. Hatuwalaumu. Hakuna aliyewaonyesha namna ya kutazama darasa, na asiyeonyeshwa huona yale ya kigeni tu.

Kwa hiyo kazi ianzie nyumbani. Kama wiki sita kabla ya kuondoka, kila mwanafunzi akae nyuma ya darasa katika shule yake mwenyewe kwa vipindi viwili kamili, bila kushiriki somo, na ajaze karatasi ileile atakayoitumia huko aendako. Hatua hii ndiyo inayorukwa kuliko zote, nasi tunasisitiza isirukwe. Asiyelipima darasa lake atalilinganisha darasa la wenyeji na kumbukumbu zake, na kumbukumbu hupendelea kwao.

Karatasi yenyewe ni nyepesi. Chora mstari wima katikati: kushoto andika "Nimeona", kulia "Nadhani". Kushoto yanaingia yale tu ambayo hata mtu mwingine aliyekaa hapo angeyaona: wangapi wameandikishwa na wangapi wapo, watoto wangapi wanachangia kitabu kimoja, nani ameitwa kujibu, maswali mangapi yametoka kwa wanafunzi wenyewe. "Mwalimu ni mkali" inakwenda kulia. "Amewanyamazisha mara 4" inabaki kushoto. Siku ya kwanza upande wa kulia ndio unaojaa. Msiwakemee, rudini pamoja kwenye kila sentensi na muulize, "Uliona nini hasa kilichokufanya uandike hivi?"

Kuna kipimo kimoja tunachokipenda kwa sababu kinahitaji saa ya mkononi tu. Mwalimu akishauliza swali, hesabu sekunde hadi aite jina, ajibu mwenyewe au aulize upya. Miaka ya 1970 mtafiti wa Marekani Mary Budd Rowe alionyesha kwamba walimu kwa kawaida husubiri kama sekunde moja tu, na kwamba wakisubiri sekunde 3 au zaidi, majibu ya wanafunzi hurefuka na wengi zaidi hujaribu kujibu. Mwanafunzi aliyeikuta sekunde hiyo moja katika darasa lake hawezi tena kwenda ugenini akidhani haraka ni kasoro ya wenyeji.

Wakati huohuo someni mfumo wa nchi mnayoiendea: miaka mingapi kila ngazi, lugha ya kufundishia inabadilika wapi, mitihani ya taifa iko darasa la ngapi, nani anawaajiri walimu, wazazi wanalipia nini. Kalenda itazameni mapema kuliko vyote. Mwaka wa shule nchini Japani huanza Aprili. Australia huanza mwishoni mwa Januari au mapema Februari. Likizo yenu inaweza kuangukia wiki yao ya mitihani, na kwa heshima mwalimu mkuu atawapokea, lakini hamtaona somo hata moja. Ombeni kwa maandishi ratiba na tarehe za mitihani kabla ya kukata tiketi.

Mkishafika, siku mbili za kwanza ziwe za kutazama tu. Wageni wasizidi wawili kwa darasa. Waingie kabla kipindi hakijaanza, wakae pembeni kwa nyuma mahali wanapoziona nyuso za watoto, simu zikiwa zimezimwa, na wasitoke katikati ya somo. Wakiwa watano au sita, watoto wanageuka kuwatazama na mwalimu anawafundisha wageni badala ya wanafunzi wake.

Hapa ndipo hukumu za haraka hutokea, hasa watoto wanapoitikia kwa pamoja. Mgeni huandika "kukariri" na kufunga daftari. Lakini mwalimu mwenye watoto 70, vitabu vichache na dakika 40 akimwuliza mtoto mmojammoja, wengi watamaliza kipindi bila kufungua mdomo. Kuitikia pamoja kunampa kila mmoja nafasi ya kutamka, tena pengine kwa lugha asiyoizungumza nyumbani. Huenda kweli njia hiyo inaficha wasioelewa. Basi mwulizeni mwalimu anawatambuaje hao. Jibu lake litawafundisha kuliko dhana zenu.

Msimwulize wakati wa mapumziko, maana ndipo anaposahihisha au anapopumua. Ombeni dakika 20 baada ya masomo, maswali yasizidi matano. Swali baya kuliko yote ni "Mna changamoto gani?" Wageni huonekana kama wafadhili, kwa hiyo jibu huwa orodha ya mahitaji, na kila mnachoitikia kwa kichwa huhesabika kuwa ahadi. Ulizeni ya kazi: "Jana baada ya kengele ya mwisho ulifanya nini?" "Mada gani hukulazimu kuifundisha mara mbili?"

Kuhusu kufundisha, msimamo wetu ni kwamba mwanafunzi asiye na mafunzo ya ualimu asiachiwe darasa, hata akiombwa. Wiki ya michezo na nyimbo huacha mada ya muhtasari bila kufundishwa, na mwalimu ndiye atakayeilipa. Akae na watoto wanne asome nao kile mwalimu alichopanga, mwalimu akiwapo. Kazi za mikono zipangwe na shule na kuongozwa na fundi wa hapohapo. Ukuta wenye unyevu ukipakwa na wageni wenye haraka, rangi hubambuka. Vitabu msivipeleke kabla ya kuuliza mtaala, maana vya mtaala mwingine hubaki kabatini.

Ulinzi wa watoto hauna mjadala: hakuna kubaki peke yako na mtoto, hakuna kubadilishana namba, hakuna picha bila idhini ya mzazi kwa maandishi na ya shule, na jina la shule lisiandikwe chini ya uso wa mtoto.

Kila jioni tengeni nusu saa ya kulinganisha karatasi mbili mezani, ya darasa lao na ya darasa lenu. Mkirudi, andikeni ripoti ya kurasa mbili na mumtumie mwalimu mkuu kabla haijasomwa na mtu mwingine. Mpeni wiki mbili za kuisahihisha, kisha masahihisho yake yaingizeni kama alivyoyaandika, hata pale yanapowapinga.