Namba tasa 2,147,483,647: majibu ya maswali yenu

Ili kujua kama namba ni tasa, tunaigawa kwa namba tasa zote hadi kipeuo chake cha pili. Hii ina tarakimu kumi. Nani aliiweza bila kompyuta?

Leonhard Euler, mwaka 1772. Namba yenyewe ni 2^31 − 1, yaani 2 kwa kipeo cha 31, toa 1. Kipeuo chake cha pili kinapita 46,340 kidogo, na namba tasa zilizo chini ya hapo ni zaidi ya 4,700. Uzuri wa kazi ya Euler ni jinsi alivyozichuja kabla ya kugawa.

Kwa kuwa 31 ni tasa, kigawo chochote tasa cha namba hii ukikigawa kwa 62 lazima kibakize 1. Ukikigawa kwa 8, kibakize 1 au 7. Unganisha masharti hayo mawili: ukikigawa kwa 248, kibakize 1 au 63. Kutoka 63 hadi 46,340 namba za aina hiyo ni 373 tu, na nyingi si tasa: 63, 249, 497, 559, zote unazitupa. Ya kwanza ya kujaribu ni 311. Zidisha 311 kwa 6,905,092 upate 2,147,483,612. Baki 35, haigawanyiki. Inayofuata ni 1,303, baki 226. Unakwenda hivyo hadi mwisho. Anayekosea hapa mara nyingi ameshika zinazobakiza 1 akasahau zinazobakiza 63, na hata 311 imempita.

Kwa hiyo kipeo kikiwa tasa, jibu nalo ni tasa?

Hapana. 2^11 − 1 ni 2,047, nayo ni 23 × 89. Kipeo tasa ni cha lazima, lakini hakitoshi.

Kwa namba za aina hii kuna kipimo cha wanahisabati Lucas na Lehmer. Anza na 4. Zidisha namba kwa yenyewe, toa 2, gawa kwa namba unayoipima, chukua baki, urudie. Kwa 31, yaani 2^5 − 1: 4 inatoa 14, 14 inatoa 194, baki 8, 8 inatoa 62, baki 0. Sifuri hiyo ndiyo inayothibitisha kuwa ni tasa. Idadi ya hatua ni kipeo toa 2: hapa 3, na kwa namba yetu 29. Usihesabu ile 4 ya mwanzo kama hatua. Ukiihesabu utaishia mapema na kusema namba si tasa.

Namba hii ni kikomo katika kompyuta nyingi. Ilichaguliwa kwa sababu ni tasa?

La. Ni kubwa kuliko zote zinazoingia kwenye biti 32 (biti ni nafasi ya 0 au 1) pale biti moja inapobeba alama ya chanya au hasi. Ya biti 64, 9,223,372,036,854,775,807, inagawanyika kwa 7.

Hatari iko kwenye kujumlisha 1: katika mashine nyingi jibu linageuka −2,147,483,648. Kama safu ya namba za risiti kwenye kanzidata ni ya biti 32, ihamishe kwenda 64 mapema, pamoja na kila safu inayoirejelea. Wengi hubadilisha jedwali kuu tu, na hitilafu inatokea kwenye yale mengine.

Na habari ya mwaka 2038?

Ni mpaka huohuo. Mifumo mingi huhesabu sekunde tangu 1 Januari 1970. Saa za biti 32 zitafika 2,147,483,647 tarehe 19 Januari 2038, saa 12:14:07 asubuhi kwa saa za Afrika Mashariki. Sekunde inayofuata, saa ambayo haijarekebishwa itasoma 13 Desemba 1901.