Hofu yangu inaingilia masikioni

Mleta mada, umesema filamu za kutisha unazimaliza hata saa nane za usiku bila shida, lakini gemu ya kutisha huwezi kuishika dakika kumi, na kuna video uliyotumiwa WhatsApp ambayo hadi leo inakurudia ukifumba macho. Umeuliza kama wewe ni mwoga. Wachangiaji kadhaa wamekujibu "kaza roho, hizo ni picha tu". Mimi sikubaliani nao hata kidogo, maana nimepita njia hiyohiyo na imenichukua miaka kuielewa.

Nimekulia Mbagala. Filamu zangu za kwanza nilizitazama kwenye kibanda umiza, kiingilio shilingi 50, mabenchi ya mbao, TV ya inchi 21 imewekwa juu juu ukutani, na pembeni kakaa jamaa na maiki yake anatafsiri. Enzi zile kila mtafsiri wa mtaani alitaka kuongea kama Lufufu, marehemu Derek Mukandala, aliyewazoesha watu wa Dar kusikiliza sinema kwa Kiswahili. Wa kwetu alikuwa hanyamazi. Msichana anashuka ngazi gizani, muziki umekatika, mlango unakwaruza taratibu, na yeye yumo tu: "Huyu dada haambiliki, mama yake alishamkataza kushuka huko!" Kibanda kizima kicheko. Niliona mapepo, maiti zinafufuka, watu wanakatwa vichwa, nikarudi nyumbani nikala ugali na kulala fofofo. Nikajua mimi ni jasiri.

Isipokuwa siku moja. Ilikuwa filamu ya zombi, na kwetu zombi hakuwa na maana yoyote, alikuwa mzungu mchafu anayetembea vibaya. Siku hiyo mtafsiri, sijui kwa nini, akaacha neno zombi akasema, "Hawa ni misukule." Kicheko kikakatika. Mtaani kwetu kulikuwa na mama mmoja aliyefiwa na mtoto, na watu walinong'ona kwamba yule mtoto hakufa, kachukuliwa msukule, yuko mahali analima usiku ulimi umekatwa. Nyumba yao nilipita mbele yake kila asubuhi nikienda shule. Nilitoka kibandani kabla filamu haijaisha, na kwa wiki nzima nililala na bibi, uso nimeuelekeza ukutani. Picha zilikuwa zilezile za jana yake. Lililobadilika lilikuwa neno moja, tena lililopita sikioni.

Ndiyo maana anayeniambia "hizo ni picha tu" namwona hajafikiri. Mtu haogopi anachokiona, anaogopa kile ambacho tayari amekibeba ndani na kimeguswa.

Mwaka 2011 nikawa chuo, Dodoma. Nina laptopu ya kununua mkononi na spika za masikioni. Usiku mmoja nikaifungua The Ring, ile ya Marekani ya mwaka 2002, ambayo niliwahi kuiona kibandani nikacheka kuliko wote. Unaijua: mtu anatazama kanda, simu inalia, anaambiwa siku saba. Safari hii hapakuwa na mtafsiri. Kumbe filamu ile ina ukimya! Sikuwahi kuusikia. Mvua, mlio mwembamba chini kabisa ambao huna hakika kama upo, kisha simu. Simu ilipolia kijasho chembamba kilinitoka, vidole vikapoa. Nikazichomoa spika masikioni, nikaendelea kutazama bila sauti, na hofu ikaondoka kama moshi. Nikazirudisha, ikarudi. Nilifanya hivyo mara tatu au nne, mwenzangu wa chumbani amelala, mpaka nikawa na hakika. Mimi hofu yangu inaingilia masikioni. Macho yangu hayana shida.

Baadaye nikaanza kusoma kuhusu jambo hili. Filamu ya Psycho ya mwaka 1960, lile tukio la bafuni linalojulikana dunia nzima, mwanamke anapochomwa kisu akioga, mwongozaji Alfred Hitchcock mwenyewe alitaka liwe bila muziki. Mtunzi wake wa muziki, Bernard Herrmann, akaandika zile violini zinazopiga kelele kama ndege aliyeshikwa, Hitchcock aliposikia akabadili mawazo. Na mwaka 2010 Daniel Blumstein wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, pamoja na wenzake walichambua sauti za filamu zaidi ya 100. Huyu ni mtaalamu wa wanyama, anachunguza marmoti, mnyama wa milimani mwenye umbo kama la pimbi. Alijua kwamba mtoto wa marmoti akikamatwa hutoa ukelele wa kukwaruza, sauti iliyovunjika, na mtu anayeusikia anakosa raha papo hapo. Wakaona filamu za kutisha zimejaa sauti za namna hiyo kuliko inavyotarajiwa. Kwa hiyo mwili wako unapokakamaa, masikio yanafanya kazi yaliyoumbiwa. Ule mshtuko wa ghafla nao, macho yanapofumba na mabega kupanda, hutokea ndani ya sehemu ndogo ya sekunde, kabla akili haijajua kilichotokea. Hakuna ujasiri unaoweza kuwahi hapo.

Sasa gemu. Utotoni nilikuwa nacheza Resident Evil 4 kwenye PS2 ya kulipia, na nilikuwa hodari. Ile gemu ina ukatili wake: ukiinua bunduki kulenga, miguu inaganda, huwezi kurudi nyuma huku unapiga, na mlio wa msumeno wa mashine unausikia kabla hujamwona aliyeushika. Lakini nyuma yangu walikuwepo watoto kumi wanapiga kelele, "Kulia! Kulia! Piga kichwa!" Ningeogopa saa ngapi?

Halafu nikaweka Amnesia: The Dark Descent kwenye laptopu. Gemu ya Wasweden, ya mwaka 2010. Huna silaha yoyote. Ukikaa gizani akili ya mhusika inaanza kuvurugika, ukilitazama zimwi inavurugika zaidi, kwa hiyo unajificha kabatini huku umegeuza uso, na kinachobaki ni kusikiliza. Nyayo zinakuja, zinasimama, zinaondoka, au labda hazijaondoka. Nilikaa ndani ya kabati lile mpaka mkono ukafa ganzi, na zimwi sidhani kama lilikuwepo tena.

Hapo ndipo swali lako lilipo, mkuu. Filamu itaendelea hata ukifunika uso na khanga. Ukifunua, tukio limepita, mtu kafa, asubuhi imefika. Gemu haiendi popote bila wewe. Mlango uko mbele yako, na hautafunguliwa mpaka kidole chako mwenyewe kiufungue. Ukienda chooni ukarudi, mlango bado upo. Kwenye filamu unamwonea huruma msichana anayeshuka ngazi. Kwenye gemu anayeshuka ni wewe, na unajua kabisa hupaswi kushuka. Kushindwa hapo si woga. Ni mtu mwenye akili timamu anayekataa kujipeleka pabaya.

Amnesia sikuimaliza kwa mkono wangu. Niliimalizia YouTube, nikimtazama PewDiePie, yule Msweden ambaye sehemu ya umaarufu wake wa mwanzo ilitokana na kuicheza gemu hiyohiyo huku akipiga makelele. Nilitazama vipande vyote, usiku, bila hofu, na ilinichukua muda kujua kwa nini. Alikuwa ananizibia ukimya. Alikuwa mtafsiri wangu wa Mbagala.

Kuhusu video uliyotumiwa, naomba tuitenganishe kabisa na haya mengine. Agosti 10, 2019, lori la mafuta lilipinduka pale Msamvu, Morogoro, watu wakaenda kuchota petroli, likalipuka. Zaidi ya watu 100 walipoteza maisha. Mchana uleule kundi letu la familia likapokea video. Ilijipakua yenyewe, ikaanza, na mimi nikaitazama kwa sekunde chache kabla sijajua ninachotazama. Moto nimeusahau. Sauti sijaisahau, na sitaieleza hapa. Filamu ikiisha mwili unashuka, unacheka, unatafuta chai. Ile haikuwa na kushuka, kwa sababu hakuna sehemu ya moyo inayoweza kusema "ni uongo". Wale walikuwa ndugu za watu. Kukosa usingizi kwa ajili yao si ugonjwa wala udhaifu, na aliyekutumia bila kukuonya amekukosea.

Kilichonisaidia kwanza ni kuzungumza na dada yangu, ambaye naye aliiona na alikuwa analia peke yake bila kutuambia. Pili, niliingia mipangilio ya WhatsApp, sehemu ya hifadhi na data, nikazima video zisijipakue. Fanya leo hii. Tatu ni Tetris, ile gemu ya kupanga vipande vinavyoshuka toka juu. Mwaka 2009 mtafiti Emily Holmes na wenzake wa Chuo Kikuu cha Oxford waliwaonyesha watu 40 filamu ya dakika 12 yenye majeraha na vifo, na nusu saa baadaye nusu yao wakacheza Tetris kwa dakika 10. Katika wiki iliyofuata, waliocheza walirudiwa na zile picha mara chache kuliko wenzao. Kwangu ilikuwa imechelewa, na kwa ile sauti haikufanya kitu, lakini picha chache zilizobaki zilififia. Ikikutokea tena, icheze mapema. Na kama ya sasa inakunyima usingizi wiki hadi wiki, nenda kazungumze na mtu wa afya ya akili hospitalini.

Mpwa wangu ana miaka 12 na simu yake ina gemu ya kutisha iitwayo Granny. Bibi kakufungia ndani ya nyumba, una siku tano za kutoroka, na ukiangusha hata chombo kimoja sakafuni anasikia, anakuja. Juzi alikuja kukaa karibu yangu kwenye kochi, simu mkononi, hajasema kitu. Nikaanza kuongea: "Haya, kijana wetu anapanda ngazi, hajui kama bibi kaamka..." Akaniambia, "Anko, endelea."